Wahakiki Waligombana na Nini Hasa Kwenye He's All That

Ilikuwa Jumapili, saluni moja hapa Ngamiani, Tanga, nasubiri zamu yangu ya kusukwa. Binti wa kaka yangu amekaa mkekani, simu mkononi, anaitazama He's All That kwa mara ya tatu. Nikamwambia kwamba filamu hiyo ilipotoka, wahakiki wa Marekani waliiponda vibaya. Akanigeukia kama mtu aliyetukaniwa ndugu yake.

"Shangazi, waliiponda kwa lipi? Mbona nzuri?"

Nikafungua mdomo kumjibu, nikakwama. Nilikuwa nimesoma maoni mengi kuhusu filamu hiyo, lakini nilipotaka kuyapanga niliona yamefungamana kama uzi wa mshipi. Mmoja anasema haikuwa na haja ya kutengenezwa upya. Mwingine anamlaumu mwigizaji. Yupo anayekerwa na matangazo, na yupo anayesema kisa chenyewe kilioza tangu zamani. Hizo ni lawama tofauti, na anayezimeza zote kwa mkupuo anabaki na neno moja tu: mbaya. Nimekaa nazo tangu siku ile, na hapa nazifungua moja moja.

Kwanza visa vyenyewe, kwa ambao hawajavitazama. Filamu ya asili ni She's All That, iliyoongozwa na Robert Iscove na kutoka Januari 1999. Zack, kijana anayependwa kuliko wote shuleni, anaachwa na mpenzi wake Taylor. Kwa uchungu anajigamba kwamba msichana yeyote, akipambwa na kuonekana ubavuni pake, anaweza kuvikwa taji la malkia kwenye dansi ya kumaliza shule. Rafiki yake Dean, aliyeigizwa na marehemu Paul Walker, anampa wiki sita na kumchagulia msichana: Laney Boggs, mchoraji mwenye miwani na ovaroli, aliyefiwa na mama, ambaye baba yake anasafisha mabwawa ya kuogelea. Zack anamwendea, anamzoea, anampenda kweli. Kisha Laney anajua kwamba yote yalianza kwa dau.

He's All That ilitoka Netflix tarehe 27 Agosti 2021. Mwongozaji ni Mark Waters, yule wa Mean Girls ya 2004, na mwandishi ni R. Lee Fleming Jr., ambaye jina lake ndilo lililoandikwa kama mwandishi wa ile ya 1999 pia. Safari hii anayeweka dau ni msichana. Padgett ni maarufu mtandaoni kwa kuwafundisha watu kujipamba. Siku moja anamfumania mpenzi wake akiwa laivu, mbele ya wafuasi wake wote. Analia mpaka kamasi inatoa povu puani, picha inasambaa, na mdhamini wake anajitoa. Anawekeana dau na rafiki yake kwamba atamgeuza mvulana asiyetazamwa na mtu awe mfalme wa dansi. Mvulana huyo ni Cameron, mpiga picha mkimya mwenye nywele ndefu na asiyejali anavaa nini.

Sasa ile alama. Kwenye tovuti ya Rotten Tomatoes, He's All That ina kiasi cha asilimia 30 ya wahakiki. Sisi tuliolelewa na karatasi za mitihani tukiona 30 tunaona mwanafunzi aliyefeli. Hesabu ile haiendi hivyo. Waite watu kumi waonje pilau ya jirani, kisha muulize kila mmoja swali moja tu: ungemwambia mwenzio aile, au aiache? Watatu wakisema aile, pilau imepata 30. Huwezi kujua kama wale saba waliitema au waliona tu chumvi imepungua. Na wote kumi wakisema "inalika, si mbaya", inapata 100, japokuwa hakuna hata mmoja aliyejilamba vidole. Tovuti ile huchukua kila uhakiki, huuweka upande wa ndiyo au wa hapana, kisha hutoa asilimia ya ndiyo; filamu ikifika 60 inahesabiwa imefaulu. Kwa hiyo 30 inatuambia ni wangapi hawakupendezwa. Haituambii walichukia kiasi gani, wala kwa sababu gani.

Na lipo jambo lililonishangaza nilipolinganisha. She's All That yenyewe, ile inayotajwa kama hazina iliyovunjwa, ina asilimia 40 na kidogo. Wahakiki wa 1999 nao hawakuipenda. Walioipenda ni watazamaji: iligharimu kama dola milioni 10 na ikaingiza zaidi ya milioni 100 duniani. Waliokuwa na miaka kumi na mitano wakati ule ndio walioshika kalamu mwaka 2021, na maandishi yao mengi yana harufu ya mtu aliyerudi mtaani kwao akakuta mwembe wa utotoni umekatwa. Naielewa hisia hiyo. Mama yangu mpaka leo ukimtajia Bobby ya 1973, ile ya Rishi Kapoor na Dimple Kapadia, anaacha kuchambua mchele. Lakini kuuombolezea ujana wako ni kitu kingine na kuihakiki filamu ni kitu kingine, na mwandishi mwaminifu humwambia msomaji yuko kwenye lipi.

Lawama ya kwanza ndiyo inayosikika sana: kwa nini kurudia kitu kilichokwisha kufanywa? Hii naikataa. She's All That yenyewe ilirudia. Kisa cha mtu mwenye cheo kuweka dau kwamba atamgeuza msichana wa chini kilitoka kwenye Pygmalion, tamthilia ya George Bernard Shaw iliyochezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1913, ambapo mwalimu wa matamshi anadai atamfundisha muuza maua wa London kuongea mpaka wakubwa wamdhanie mwenzao. Tamthilia hiyo ikazaa mchezo wa nyimbo My Fair Lady mwaka 1956, kisha filamu ya 1964 iliyobeba Oscar nane. Na Shaw naye jina aliliazima kwa Wagiriki wa kale, kwenye kisa cha mchongaji aliyeipenda sanamu yake mwenyewe.

Sisi watu wa Tanga hasa hatuna sababu ya kuogopa kazi ya namna hii. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapo Machui, alikichota kisa cha Adili na Nduguze kutoka Alfu Lela Ulela. Kule ndugu wawili wanageuzwa mbwa. Yeye akawageuza manyani, akawapa majina ya Hasidi na Mwivu, akakiandika kisa kizima kwa Kiswahili chake chenye adabu na uzito. Hakuna anayekishika kitabu kile akasema ni marudio. Tunakisoma kwa sababu ya kile alichokitia ndani. Kwa hiyo swali la kumuuliza mtu anayetengeneza upya ni hili: umeongeza nini, na umedondosha nini njiani?

Shaw alitia kitu kizito. Ukimaliza kuangalia mbwembwe za matamshi, unabaki na msichana anayeuliza, sasa mimi nitakwenda wapi? Eliza hawezi kurudi kuuza maua kwa ulimi ule mpya, na hana fedha za kuishi kama wale anaoongea kama wao. Mtu wa huku analielewa hilo haraka. Vijana wetu wanakwenda Dar es Salaam, wanaificha lafudhi ya nyumbani mpaka inapotea kweli, wakirudi kwa bibi Pangani wanaonekana wageni. Shaw alilishika jambo hilo kwa nguvu kiasi kwamba alikataa katakata Eliza aolewe na mwalimu wake, akaandika hata maelezo marefu nyuma ya kitabu kueleza kwamba alimwoa mtu mwingine. Alijua kwamba harusi ile ingefuta deni. Dau linauma kwa sababu aliyewekewa ndiye atakayebaki na maisha yaliyovunjwa, wakati waliolicheza wanarudi makwao kula chakula cha jioni.

Hapo ndipo inapoingia lawama ya pili, na hii ni ya haki: kipande cha ngazi.

Kila aliyeitazama She's All That anakikumbuka. Dada yake Zack amemkata Laney nywele na kumtinda nyusi. Zack anasubiri chini. Unaanza wimbo Kiss Me wa Sixpence None the Richer, na Laney anashuka ngazi taratibu, gauni jekundu fupi, miwani hakuna. Kipande ni kizuri, sitasema uongo. Nilimwonyesha binti wa kaka yangu wiki ileile. Akakitazama, akarudisha nyuma mpaka pale Laney anapochora na ovaroli yake, akakitazama tena.

"Sasa shangazi, kwani pale mwanzo alikuwa na ubaya gani?"

Ndilo swali lenyewe. Rachael Leigh Cook, aliyemcheza Laney, alikuwa mzuri kwenye miwani na mzuri bila miwani, na filamu inatutaka tujifanye hatukuona mpaka Zack aone. Wahakiki wamelisema hilo kwa zaidi ya miaka ishirini: msichana anayefikiri, anayechora, anayeubeba msiba wa mama yake, anahesabiwa mtu siku anapofanana na wengine. Na wala si Marekani peke yao. Kuch Kuch Hota Hai ilitoka mwaka 1998, miezi michache tu kabla, na hapa pwani hakuna nyumba isiyoijua. Anjali wa Kajol anacheza mpira wa kikapu na nywele fupi, anampenda Rahul, Rahul hamwoni. Anarudi na nywele ndefu na sari, Rahul anamwona. Nililia kwenye filamu ile na bado naipenda, lakini lawama yake ni hiyohiyo, na ni ya kweli.

Wengine husema wanaolalamika hivyo wanachukia mapambo. Mimi nimekulia kwenye nyumba za singo, na najua kumbadilisha msichana ni nini. Biharusi anawekwa ndani siku kadhaa, somo yake anamsinga kwa liwa na marashi mpaka ngozi inang'aa, anapakwa hina na piko miguuni na mikononi, anafukizwa udi. Siku ya kutolewa hata baba yake anababaika kidogo. Lakini hakuna mtu chumbani mle anayesema kwamba jana alikuwa si kitu. Shangazi zake wanaomsinga wamempenda tangu akiwa na makamasi. Wanamheshimu kwa yale mapambo, hawamwombi msamaha kwa sura aliyokuwa nayo. Kipande cha ngazi kinafanya kinyume: kinamwomba mtazamaji amsamehe Laney kwa kuwa Laney. Tofauti hiyo ndiyo wahakiki waliyokuwa wakiitafutia maneno.

Waliotengeneza He's All That walisikia. Wakaja na dawa iliyoonekana ya wazi: geuza. Badala ya mvulana kumbadilisha msichana, msichana ambadilishe mvulana. Wengi walidhani kwa kufanya hivyo ubaguzi umeondoka.

Haukuondoka, na hapa ndipo makosa makubwa ya filamu yalipo, kwa jinsi ninavyoona mimi. Mvulana akikatwa nywele na kuvishwa suti, nini kimehatarishwa? Cameron hakuwahi kuambiwa na dunia kwamba thamani yake iko usoni. Kabla ya kinyozi ni kijana mwenye kamera, mwenye msimamo. Baada ya kinyozi ni kijana huyohuyo, masikio yanaonekana. Wahakiki kadhaa walilalamika kwamba badiliko lake ni dogo mno, kwa kuwa Tanner Buchanan, aliyemcheza, alikuwa mzuri tangu mwanzo. Kweli, lakini hata Laney alikuwa hivyo. Kilichoifanya ngazi ya 1999 iwe na uzito ni kwamba Laney angeweza kupata fedheha ambayo Zack asingeipata, na mtazamaji alilijua hilo hata kama filamu haikulisema. Ukiwabadilishia viti tu, uzito ule haukai kwenye kiti ukakusubiri. Unamfuata mtu. Ulimfuata msichana, ukabaki kwa Padgett, wakati dau limewekwa juu ya Cameron. Matokeo yake filamu inavuta huku na huku kama jahazi lenye tanga moja na upepo wa pande mbili.

Kuhusu Addison Rae aliyecheza Padgett, nataka kuwa mwangalifu, maana maneno aliyopewa mengine yalikuwa ya kikatili na hayakuhusu uigizaji. Wakati ule alikuwa na wafuasi zaidi ya milioni 80 TikTok, na hii ilikuwa filamu yake ya kwanza kubwa. Yupo aliyemhukumu kabla ya kumtazama, kwamba mcheza dansi wa simu hawezi kuwa stelingi. Huo si uhakiki. Uhakiki ni huu: akitakiwa kuitazama kamera ya simu, Padgett yuko nyumbani, sauti, mabega, kila kitu kimetulia. Akitakiwa kumtazama mtu wa pili na kumsikiliza, uso unasubiri zamu yake ya kusema. Kusikiliza ndiyo nusu ya kazi ya vichekesho vya mapenzi, na ndiyo nusu ambayo simu haikufundishi. Kwenye kile kipande cha kufumania lakini, anapolia mbele ya wafuasi wake, ni mzuri kweli. Nimekirudia mwenyewe.

Kuna jambo kuhusu umaarufu ambalo nilitarajia lijadiliwe zaidi. Kwenye She's All That, kijana aliyemnyang'anya Zack mpenzi wake ni Brock Hudson, mtu anayejulikana kwa sababu tu alionyeshwa kwenye kipindi cha televisheni cha maisha halisi. Matthew Lillard alimcheza kama zuzu anayejipenda, na watazamaji wote walicheka kwa sababu mwaka 1999 mtu wa namna ile alikuwa kichekesho. Mwaka 2021 mtu wa namna ile ndiye stelingi, na Lillard mwenyewe amerudi akiwa mkuu wa shule. Miaka ishirini na miwili imegeuza kitu kilichokuwa aibu kikawa ajira. Filamu ilikuwa na jambo hilo mkononi, lakini haikulisemea. Hali kadhalika Rachael Leigh Cook: amerudi kama mama yake Padgett, lakini si Laney aliyekua mtu mzima. Ni mwanamke mwingine kabisa. Wimbo wa Kiss Me nao umerudi, umeimbwa upya. Waliokuja na kumbukumbu walionyeshwa sura wanayoijua na sauti wanayoijua, wakaachwa mlangoni.

Matangazo sina mengi. Bidhaa zinaonyeshwa sana, chupa na maboksi majina yakielekea kwenye kamera, na mtazamaji anatolewa ndani ya kisa kila mara. Anayeitetea atasema Padgett anaishi kwa wadhamini, kwa hiyo bidhaa ni sehemu ya maisha yake. Ingekuwa hivyo, zingeonekana anapofanya kazi yake tu.

"Sasa mbona wakampa filamu nyingine?" binti wa kaka yangu aliniuliza. Ni kweli: Septemba 2021, wiki chache tu baadaye, zilitoka habari kwamba Netflix imesaini mkataba na Addison Rae wa filamu zaidi. Filamu ya 1999 iliuza tiketi, moja moja, dirishani. Netflix inauza uanachama wa kila mwezi, na inachohitaji ni wewe ubonyeze na usijitoe. Mtu mwenye wafuasi milioni 80 anawaleta wabonyezaji, wapende au wakasirike. Mhakiki na kampuni hawakuwa wakipima kitu kimoja, ndiyo maana wote wawili wangeweza kuwa sahihi.

Ninachokisikitikia ni kisa kilichokuwa ndani ya filamu ile na hakikupewa nafasi. Padgett ni maskini. Anaishi na mama yake muuguzi kwenye nyumba ndogo, na marafiki zake hawajui. Kwao ni msichana wa ghorofa la kifahari. Fedha za mdhamini ndizo alizotegemea kwa ajili ya chuo. Kila siku anajitengeneza upya mwenyewe, bila mwalimu, bila Zack, na dau lake ni la kila asubuhi: leo nitagunduliwa au sitagunduliwa? Hapo pana Eliza wa Shaw mzimamzima, tena bila haja ya kumkata mvulana yeyote nywele. Filamu inampitia haraka, dakika chache, kisha inakimbilia dansi.

Nilipomwambia binti wa kaka yangu hivyo alinyamaza kidogo. Msusi alikuwa ameshanifikia, ananigawa nywele kwa kitana, naye akapunguza redio asikilize. Ndipo binti akasema kuna mwenzao waliyemaliza naye kidato cha nne ambaye kila Jumamosi hupanda bodaboda mpaka Raskazone, husimama kwenye geti la nyumba moja yenye maboganvilia yaliyoanguka ukutani, akapiga picha. Mlinzi ameshamzoea, humsogezea hata pikipiki isiingie kwenye picha. Wafuasi wake wanaamini ni kwao.

"Na nyinyi mnaojua mnasemaje?" nikamuuliza.

"Hatusemi kitu, shangazi. Tunabonyeza tumeipenda."